Usiuzoee Mlio wa Gari Lako

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Morogoro mbele ya madereva wa teksi na wa zile gari za abiria za Toyota Noah, wenye magari madogo ya nyumbani, na vijana wanaojifunza ufundi. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya wale waliokuwa barabarani siku ile.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, hamjambo? Vijana wa gereji, naomba msogee mbele, maana mengi nitakayosema yanawahusu ninyi moja kwa moja.

Naanza na swali. Ni nani hapa ambaye gari lake likipita kwenye matuta halilii popote? Nyosheni mikono. Mikono ni michache sana. Haya, ninyi ambao hamkunyosha, ni nani anaweza kuniambia mlio wa gari lake unatoka wapi hasa? Sitaki "huku mbele". Sitaki "kwenye dashibodi". Nataka mahali pa kuweka kidole.

Hakuna. Nami sishangai, kwa sababu hivyo ndivyo magari yanavyoletwa kwangu kila siku. Mtu anaishi na mlio mwaka mzima, anaujua mpaka unabadilika lini, lakini hajawahi kuutafuta. Ukimuuliza atakwambia: fundi, hizo ni kelele za plastiki tu. Gari linatembea, breki zinashika, abiria wanafika. Ya nini kuhangaika?

Ya nini? Ndugu zangu, sikio la dereva ni chombo cha kazi. Jicho linaangalia barabara, mikono iko kwenye usukani, lakini habari za chini ya gari zinakufikia kwa sikio. Ukiliacha sikio lizibwe na plastiki, hutasikia chuma kitakapoanza kusema.

Kuna kijana mmoja wa Noah, anabeba abiria kwenda vijijini. Gari lake kwa ndani lilikuwa linalia kila mahali: mlango wa kuvuta, viti vya nyuma, jeki, kava za pembeni. Akawa anaongeza sauti ya redio. Siku moja mama mmoja aliyekaa nyuma, mtu asiyepanda gari lile mara kwa mara, akamwambia: "Mwanangu, huku chini yangu kunagonga, na kunazidi." Kijana akataka kumjibu kuwa gari hili ndivyo lilivyo. Namshukuru Mungu hakumjibu hivyo. Alisimama penye tambarare, akazunguka nyuma. Nati za tairi la kushoto zilikuwa zimelegea, mbili kati ya hizo ukizishika kwa vidole zinazunguka. Tairi lilikuwa limezibwa pancha siku iliyotangulia na halikukazwa sawasawa.

Mama aliusikia mlio ule kwa sababu kwake ulikuwa mgeni. Dereva hakuusikia kwa sababu ulijificha ndani ya milio mingine aliyokwisha kuizoea. Mnanielewa? Hatari yake haikuwa plastiki. Hatari ilikuwa mazoea. Na kwa kuwa nimetaja nati, nimalizie hapo hapo: tairi likifunguliwa na kurudishwa, tembea kati ya kilomita 50 na 100, kisha simama uzikaze tena. Usimwachie mtu wa pancha peke yake jambo la uhai wa abiria wako.

Sasa tuulize: milio hii inatoka wapi? Magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa. Kila kava ndani ya gari limeshikwa na klipu za plastiki, nazo zinazeeka. Jua letu linazikausha zinakuwa ngumu, ukizivuta zinakatika. Halafu kuna sisi wenyewe. Gari likifika, linafungwa alamu, dashibodi inafunguliwa. Linabadilishwa redio, inafunguliwa. Linabandikwa tinti, kava za milango zinafunguliwa. Linawekwa spika kubwa, zinafunguliwa tena. Kila mara klipu mbili tatu zinavunjika, na kava linarudishwa kwa zile zilizobaki. Vijana wangu, nasema nanyi sasa. Klipu ni spea ya bei ndogo. Kumrudishia mtu gari lenye kava lililoshikwa na klipu nne badala ya nane, bila kumwambia, ni kumdhulumu.

Lakini kitu kulegea peke yake hakitoshi kuleta mlio, lazima kitikiswe. Na vinavyotikisa ni vitatu: injini, barabara, na bodi lenyewe linapojipinda. Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ukijua ni nani anayetikisa, umeshapunguza kazi zaidi ya nusu.

Je, gari likiwa limesimama, injini inanguruma, mlio upo? Basi anayetikisa ni injini. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika inachoma mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mchomo ni pigo dogo linalofika mpaka kwenye dashibodi. Kila kitu kina kasi yake kinayopenda kutikisika, mfano wa mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa mapigo yake mwenyewe, anapaa bila nguvu nyingi. Ndiyo maana mlio wa namna hii unakuja kwenye mzunguko fulani wa injini, ukiongeza mafuta kidogo unapotea, ukipunguza unarudi. Ukiona kelele imezidi ghafla katika gari zima, na usukani unatetemeka ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu, angalia mauntini za injini, yaani vile vishikio vya mpira vinavyoibeba, kabla hujaigusa plastiki yoyote. Zikikatika, mtikisiko wote wa injini unamwagika kwenye bodi, na utabaki kukimbizana na klipu bure.

Je, mlio unakuja kwenye mashimo, rasta, yaani vile vituta vidogo vinavyofuatana, na barabara ya vumbi peke yake? Anayetikisa ni barabara. Tafuta kitu kilicholegea kinachogonga kingine.

Je, unakuja unapopanda ukingo kwa tairi moja, au unapovuka mtaro kwa upande, gari likiwa linatembea polepole? Hapo bodi linajipinda. Nenda kwenye milango, mipira ya milango, na kingo za vioo. Watu wengi wamenunua bushi za miguu, yaani mipira ya maungio ya chini yanayoshika matairi, kwa mlio wa mpira wa mlango.

Kuna mzee mmoja, mstaafu, gari lake lilikuwa likikereza kila anapoingia getini kwake. Asubuhi kidogo, saa nane mchana sana. Walishamwambia miguu imekufa. Walibadilisha bushi, mlio ukabaki. Walibadilisha shokapu, mlio ukabaki. Fikirieni fedha za mstaafu! Alipokuja tulichukua chupa ya kunyunyizia maji, tukalowesha mpira wa mlango mmoja, tukapita getini. Bado. Tukalowesha wa pili. Kimya. Maji yalikuwa kipimo tu, yakikauka mlio unarudi, lakini tulishajua mahali pa kuweka kidole. Mpira ulikuwa umekauka na kujaa vumbi. Unashikana na rangi ya bodi, unaachia, unashika, unaachia, mara nyingi katika sekunde moja, na huko kushika na kuachia ndiko kunakotoa sauti. Dawa ilikuwa maji na sabuni, kitambaa kikavu, kisha silikoni ya kupaka kwenye mipira. Naomba sana: msipake oili ya injini wala grisi nyeusi kwenye mipira ya milango. Mafuta ya aina hiyo yanaivimbisha na kuilegeza, na mvua ya masika itakuingilia ndani.

Nimekuja kwenye moyo wa mazungumzo yetu. Tafuta kwanza, fungua baadaye. Narudia: tafuta kwanza, fungua baadaye.

Mwalimu mmoja alileta Toyota IST. Mlio ti-ti-ti-ti, upande wa abiria wa mbele, ndani kabisa ya dashibodi. Ukiketi humo ungeapa unatoka pale pale. Alikuwa ameshapita gereji mbili, na kote walishusha dashibodi. Aliporudishiwa mara ya pili, mlio mmoja ulikuwa umezaa mingine, kwa sababu dashibodi sasa haikushikwa ipasavyo. Sisi hatukufungua kitu. Tulichukua ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, tukabandika nje ya gari. Kwenye maungio ya plastiki ndefu iliyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapotokea. Kwenye kingo za kioo. Kwenye kioo cha pembeni. Tukatoka barabarani: kimya. Tukarudi, tukabandua sehemu moja, tukatoka tena. Kimya. Tukabandua nyingine. Tulipoibandua ile ya plastiki ya waipa, ti-ti-ti-ti. Klipu moja ya pembeni ilikuwa imekatika, na plastiki ilikuwa inagonga kioo kwa nje.

Kwa nini watu wote wale walidanganyika? Hawakuwa wajinga. Masikio mawili hujua sauti inatoka wapi kwa kupima ni sikio lipi limeisikia mapema na kwa nguvu zaidi. Hiyo inasaidia sana kwa kushoto na kulia, na inasaidia kidogo kwa juu na chini. Halafu ndani ya gari umezungukwa na vioo, na kioo kinarudisha sauti. Kilichogonga nje kinapita kwenye kioo, kinaruka, kinakufikia kutoka kwenye dashibodi. Kwa hiyo ukisikia dashibodi, sema: nimesikia upande wa dashibodi. Usiseme: ni dashibodi. Maneno haya yakitofautishwa, bisibisi inabaki mfukoni.

Utaratibu wangu ni huu, na hauhitaji mashine. Kwanza ondoa kila kitu kisicho sehemu ya gari. Kila kitu. Boksi la dashibodi, mifuko ya milango, chini ya viti, kwenye kikasha cha miwani juu ya kichwa. Sarafu, funguo, chaja, kadi ngumu za stika za zamani. Nenda kwenye buti: jeki, wili spana, pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, vitu ambavyo askari wa usalama barabarani anakuuliza na wewe umevitupa humo bila kuvifunga. Toa na tairi la spea. Endesha gari likiwa tupu. Sisemi haya kwa kubahatisha: milio mingi inayoletwa gereji inaishia hapa hapa, kwenye jeki isiyokazwa mahali pake. Jeki ina kitasa chake, kinazungushwa mpaka jeki ijibane yenyewe. Tairi la spea lina bolti yake ya kulikaza. Vitumieni. Na mkiona chupa ya maji inazunguka chini ya kiti cha dereva, hiyo si kelele tena. Chupa hiyo siku moja itaingia chini ya pedali ya breki.

Baada ya hapo funga mikanda ya viti visivyo na watu, maana kichwa cha mkanda kikining'inia hugonga nguzo ya plastiki na kutoa sauti iliyowasumbua wengi. Zima redio, zima feni, funga vioo. Chagua kipande kimoja cha barabara kibovu na ukirudie kwa mwendo ule ule, maana ukibadilisha njia utashindwa kulinganisha.

Na tafuteni mkiwa wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anasikiliza. Dereva asitafute! Nimeona watu wanaendesha kwa mkono mmoja, mwingine unapapasa dashibodi, macho hayako barabarani. Msikilizaji aanze kiti cha nyuma, ahamie mbele, ainame karibu na mlango. Akifika mahali anapopashuku, abonyeze kwa kiganja. Mlio ukikatika, amepata au yuko karibu sana. Aachie, urudi. Abonyeze, ukatike. Mlio ukimjibu hivyo mara kadhaa, hapo hakuna ubishi.

Mkitaka kujua kama kitu kiko nje, piteni polepole kando ya ukuta mrefu, kioo cha upande wa ukuta kikiwa wazi. Ukuta unawarudishia sauti ya nje ambayo kwenye uwanja wazi ingepotea. Na kwa milango yenye spika, kuna njia ninayoipenda sana: simu zina programu za kutoa mlio mmoja mzito. Unganisha simu na redio ya gari, anza na mapigo 30 kwa sekunde, panda taratibu mpaka 200. Mlango wenye klipu iliyokatika utajitangaza gari likiwa limeegeshwa kivulini, na mtabonyeza kwa nafasi.

Umeshaupata. Sasa dawa. Dawa ni tatu tu: kaza, tenga, lainisha. Kilicholegea kinakazwa, yaani klipu mpya, skrubu iliyopotea irudishwe. Vitu viwili vinavyogusana bila kupaswa kugusana vinatengwa, kwa tepu ya kitambaa laini au sponji isiyonyonya maji. Vinavyolazimika kugusana na kusuguana, kama mipira ya milango, vinalainishwa.

Najua tunavyofanya mitaani. Karatasi iliyokunjwa inasokomezwa kwenye mwanya wa dashibodi. Kipande cha ndala. Kiberiti. Inafanya kazi siku mbili, jua linapiga, plastiki inatanuka, karatasi inadondokea ndani, na sasa una kitu kingine cha kulia. Dashibodi iliyoachwa juani inaweza kupita nyuzi joto 60, kwa hiyo chochote unachokiweka pale lazima kistahimili joto hilo. Ndala nayo ikisuguana na plastiki inaweza kulia yenyewe. Na gundi, jamani, msigandishe kava kwa gundi! Fundi wa kesho akitaka kufika kwenye waya atalivunja.

Mlango ukigonga hata baada ya kava lake kukazwa, tazama kile chuma kilichofungwa kwenye nguzo, ambacho kufuli ya mlango hukishika. Kizungushie tepu mzunguko mmoja, ukaendeshe. Ukisikia tofauti, mlango haukuvutwa vya kutosha. Chora kwa kalamu mahali chuma kilipo sasa, legeza skrubu zake, kisogeze ndani kidogo sana, kaza. Ile alama ya kalamu itakurudisha ukikosea. Tepu uibandue, ilikuwa kipimo.

Kuna mahali sitaki mguse bila kujua. Kava za nguzo za pembeni ya kioo cha mbele, kingo za dari, pembeni ya viti, usukani na upande wa abiria wa dashibodi, popote palipoandikwa SRS AIRBAG, nyuma yake kuna mfuko wa hewa wenye baruti, ule unaofumuka kukukinga ajali ikitokea. Soketi na waya zake kwa kawaida zina rangi ya njano. Toyota wanaagiza utoe waya hasi wa betri na usubiri sekunde 90 kabla ya kufanya kazi hapo. Subirini hizo sekunde. Na msijaze sponji wala tepu kwenye njia ya mfuko huo. Mlio unaotoka pale mpeni anayeijua kazi hiyo.

Pia kuna milio ambayo haistahili kutafutwa kwenye plastiki hata kidogo. Kugonga kunakotoka tairini: simama mara moja. Kugonga kwenye mashimo ambako kunakatika ukikanyaga breki kidogo: angalia pedi za breki na vishikio vyake. Ko-ko-ko ya mbele kwenye mashimo madogo: angalia linki za stabilaiza na boljointi, yaani maungio ya miguu ya mbele. Mlio mkali wa bati chini ya gari injini inapowashwa baridi, mara nyingi ni bati la kukinga joto la eksozi, limeoza pale bolti inapopita. Hilo hufungwa kwa mkanda wa chuma, kamwe si kwa kitambaa wala sponji, kwa sababu eksozi inachoma.

Wazee wangu, nimesema sana, na gari halifundishwi kwa mdomo. Pale nje chini ya mwembe kuna Noah ambayo mwenyewe amekubali tuisikilize, na anasema inalia nyuma kulia. Amesema "nyuma kulia". Tutaona. Vijana, anzeni kutoa vitu kwenye buti na mvipange chini kwa mpangilio, visipotee. Nataka wasikilizaji wawili wa kiti cha nyuma, mmoja awe mtu ambaye hajawahi kupanda gari lile. Mama mwenye kilemba cha kijani, utatusaidia? Karibu, tangulia wewe.